Ubia wa Jamii, si Ushirikishwaji

Karibu kila andiko la mradi wa afya linalotafsiriwa kwa Kiswahili siku hizi lina sehemu ya "ushirikishwaji wa jamii wenye maana". Neno hilo limepitishwa vikaoni, likaingizwa kwenye faharasa, na sasa wafasiri wanalinakili bila kulihoji.

Mzizi wake hauna kosa. Katika Kiarabu, sh-r-k ni mzizi wa watu kumiliki kitu kwa pamoja, na kutoka humo Kiswahili kimepata shiriki, mshirika, ushirika na shirika, pamoja na ushirikina, ambao asili yake ni dhambi ya kumpa Mungu mwenza. Uzito wa dhambi hiyo unaonyesha uzito wa mzizi wenyewe: mshirika hukaa sawa na mwenye mamlaka. Kisha waunda istilahi wakaanza kubandika viambishi. Kwa -ish-, shiriki likawa shirikisha, na mtendaji akawa mtu mwingine. Kwa -w-, likawa shirikishwa, na mwanajamii akawa mtendwa. Kwa -aji, kutendwa huko kukageuzwa nomino. Neno lililoanza na wenzi walio sawa limeishia kwa mtu anayeitwa mkutanoni asikilize na kutia saini ya mahudhurio.

Wanaopendelea "uhusishwaji" wamefanya vibaya zaidi. Msomaji wa magazeti anajua kwamba anayehusishwa huhusishwa na wizi.

Neno linalofaa lipo, nalo ni ubia. Linatokana na bia, neno la zamani la kuchangiana: waliokula bia walikuwa wametoa kila mmoja fungu lake. Mbia ana mtaji, ana sehemu katika faida, hubeba hasara, na uamuzi mkubwa haupiti bila yeye. Tena hakuna awezaye kumwingiza mwenzake ubia bila ridhaa yake.

Tanzania ilitunga Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi mwaka 2010. Mwekezaji anaitwa mbia. Mwanakijiji ambaye chanjo inajaribiwa mwilini mwake anaambiwa ameshirikishwa. Pendekezo la kumpa neno lilelile liliwahi kutupwa kikaoni kwa hoja moja, kwamba ubia ni lugha ya wafanyabiashara. Hoja hiyo haisimami. Mwanakijiji huweka damu yake, muda wake na siri za nyumba yake, na huo ni mtaji usiopungua fedha za mfadhili.

Anayedhani huu ni ugomvi wa viambishi tu atazame Beni na Butembo, mashariki mwa Kongo, ambako Kiswahili huzungumzwa. Mlipuko wa Ebola ulitangazwa huko Agosti 2018, ukamalizika Juni 2020 baada ya kuua watu 2,287. Wataalamu walifika na misafara ya magari, walinzi wenye silaha na mipango iliyoandikwa kwingine. Wakazi walikuwa na swali lao: kwa nini fedha zije kwa Ebola, ilhali raia wa Beni wanauawa tangu 2014, na surua, iliyolipuka nchini humo 2019, imeua zaidi ya watu 6,000? Mikutano ya uelimishaji ilifanyika, lakini swali hilo halikuwa na nafasi katika mpango. Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Mambo yaliyojenga imani yalianzia kwenye hofu za familia zenyewe: vyumba vyenye kuta za plastiki zinazoonyesha ndani, ndugu wamwone mgonjwa wao, na manusura wa Ebola walioajiriwa kulea watoto waliotengwa na mama zao.

Majina nayo hubadilika wenyewe wakidai. Mwaka 1983, huko Denver, Marekani, watu wenye UKIMWI walikataa kuitwa wahanga, wakadai viti katika bodi za mashirika yaliyowahudumia. Walichodai ni ubia. Kiswahili chenyewe kimekuwa kikiacha "waathirika wa UKIMWI" na kushika "watu wanaoishi na VVU", na lugha haikuharibika.

Kwa matumizi: ubia wa jamii, wabia wa jamii, kubuni mradi kwa ubia.

Wafasiri wanaombwa jambo moja kabla ya kuandika neno hili. Wasome kama wakazi walikuwapo tatizo lilipochaguliwa, kama wanaiona bajeti, na kama wana mamlaka ya kusimamisha mradi. Yakiwapo hayo matatu, waandike ubia. Yasipokuwapo, wamrudishie mfadhili andiko lake na kumweleza kinachokosekana.