Ororo, Mleta Mvua wa Nyika Isiyo na Lugha

Kiswahili kina kivumishi -ororo. Husemwa ngozi nyororo, mkono mwororo, sauti nyororo. Maana yake ni laini, kisichokwaruza. Ni neno la washairi kuliko la wahunzi, na aghalabu hukaa katika beti za mapenzi. Mwaka 1975, nchini Marekani, jina hilohilo lilipewa mwanamke wa kuchorwa anayeita radi na kufunga mvua kwa kunyoosha mkono. Hadithi yake inasema kwamba Ororo maana yake ni uzuri. Kamusi zetu hazisemi hivyo, ingawa kwa mshairi safari ya kutoka ulaini hadi uzuri si ndefu.

Mwanamke huyo ni Ororo Munroe, ajulikanaye zaidi kwa jina la Storm, katika mfululizo wa katuni uitwao X-Men. Nimeusoma mfululizo huo tangu matoleo ya 1975 hadi ya 2024, nikiwa hapa Mbulu, katika Kiingereza, kwa kuwa tafsiri ya Kiswahili sijaiona. Sikusoma kila kurasa kwa usawa. Nilimfuata yeye, kwa sababu moja tu: ndiye shujaa pekee miongoni mwa wenzake ambaye kazi yake ingeeleweka kwa bibi yeyote wa Mbulu au Hanang bila kuelezwa. Analeta mvua.

X-Men ilianzishwa mwaka 1963 na Stan Lee na Jack Kirby. Mashujaa wa kwanza walikuwa vijana watano wa Kimarekani, weupe wote, waliozaliwa na nguvu zisizo za kawaida na kufundishwa na Profesa Xavier. Haikuuza vizuri, kuanzia 1970 hadi 1975 wachapishaji walirudia tu hadithi za zamani. Kisha mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum wakatoa toleo nene, Giant-Size X-Men, lenye kikosi kipya kilichookotwa duniani kote: Mjerumani, Mrusi, Mjapani, Mwairishi, Mkanada, Muapache, na Ororo kutoka Kenya.

Ukurasa wake wa kwanza unastahili kutazamwa polepole. Nyika imekauka. Watu wanamwita mungu wao wa kike. Anatokea, nywele nyeupe, macho ya buluu, karibu uchi, anapaa na mvua inashuka. Halafu anakuja Profesa Xavier kumweleza kwamba yeye si mungu, ni binadamu aliyezaliwa na tofauti katika damu, na kwamba dunia inamhitaji. Anaondoka naye. Wale waliomwita wanabaki. Hawana jina la kabila, hawana jina la ukoo, na hakuna mmoja wao anayeulizwa kama ameridhia mleta mvua wao kuchukuliwa.

Mwaka huo Hanang ilikuwa wilaya changa. Ilimegwa kutoka Mbulu mwaka 1969. Katika nyanda za Basotu, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano yalikuwa yakilimwa chini ya shirika la umma, NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Mashamba hayo yalifika saba, juu ya malisho ya Wabarabaig na juu ya makaburi ya wazee wao. (Kanada ilichangia Wolverine katika kikosi cha Profesa, huku kwetu ilichangia matrekta.) Watu halisi wa nyika hawakukaa wakisubiri mtu apae. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikakipa haki, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, kwa hoja kwamba wanakijiji hawakuithibitisha haki yao ya kimila juu ya ardhi ile. Nautaja mwaka huo kwa kuwa nitaurudia.

Tuseme kwanza mvua huombwaje huku. Kwa Wairaqw, Looaa ndiye muumba. Huhusishwa na jua, naye ni mama. Netlaamee hukaa katika vijito na chemchemi, ni wa kiume, na huogopwa. Ukoo wa Manda ndio uliotoa kwa vizazi wataalamu wa mambo ya mvua na usalama wa mipaka ya nchi. Lakini mtaalamu hasimami peke yake juu ya wingu. Baraza likiisha, mzee huanza slufay, utenzi wa baraka uombao mvua, watoto, ng'ombe na amani, na kila fungu la maneno hupokelewa na waliohudhuria kwa sauti ya pamoja. Pasipo waitikiaji hakuna slufay. Kuna mzee anayezungumza peke yake. Kwa Wadatooga wa Hanang nako, ukame ukizidi, wanawake hukusanyika na kumwimbia Aseeta, na hao ni wengi, wake kwa wakwe, si mmoja aliyeteuliwa. Katika desturi hizi zote mvua hupita kinywani. Katika katuni ya 1975 mvua hupita mkononi, na vinywa vya watu vina kazi moja tu ya kulia.

Kasoro hiyo, nadhani, ndiyo iliyowasumbua waandishi waliofuata, hata kama hawakuitamka hivyo. Chris Claremont aliushika mfululizo kuanzia 1975 hadi 1991, na miaka hiyo ndiyo yenye utajiri. Katika toleo namba 102, la mwaka 1976, alimpa Ororo ukoo: mama yake N'Daré, binti wa kifalme kutoka Kenya, baba yake David Munroe, mpiga picha Mmarekani, utoto Cairo, wazazi kuuawa katika vita vya Suez vya 1956 nyumba ilipoangukiwa na ndege, naye kufukiwa kwenye kifusi karibu na maiti ya mama yake. Ndiyo maana huogopa mahali pa kubana. Baada ya miaka ya wizi mitaani akatembea kusini hadi Serengeti. Baadaye hadithi ikamwongezea mlezi, mama mzee aitwaye Ainet, aliyemfundisha kwamba mvua inayovutwa huku ni mvua iliyonyang'anywa kule. Hilo ni neno la kwanza katika mfululizo mzima ambalo wazee wa huku wangeliitikia.

Claremont alimpa pia namna ya kusema. Ororo huzungumza Kiingereza kilichonyooka, kisichofupisha maneno, kama mtu aliyejifunza lugha kwa heshima. Na akishtuka humtaja Mungu wa kike. Hapo mfasiri wa Kiswahili hukwama. Lugha yetu haigawi uke na uume katika sarufi. Mungu ni Mungu, na kiambishi chake ni kilekile cha mwalimu na mgeni. Ukiandika "Ee Mungu wa kike!" umeandika maelezo mahali pa mguno. Sauti ya mshtuko haibebi mzigo wa maneno manne. Kiiraqw, ambacho hutofautisha uke na uume katika nomino zake, hakingepata taabu: angesema Looaa, na basi. Nimelifikiria hili mara nyingi kuliko nilivyofikiria mapigano yote ya mfululizo huu yakiwekwa pamoja.

Mwaka 1983 alinyoa nywele pande zote mbili na kuacha ukoo katikati, akavaa ngozi nyeusi, wasomaji walishtuka. Mwaka 1984 alipigwa na silaha iliyomwondolea nguvu. Ndipo ikaja hadithi mbili zilizochorwa na Barry Windsor-Smith, Lifedeath, ambazo kwangu ndizo kilele. Ya pili ilitoka mwaka 1985, toleo namba 198. Ndio mwaka ule wa hukumu ya rufani. Ororo amerudi Afrika akiwa hana hata tone la mamlaka juu ya anga. Anakutana na mwanamke mjamzito aitwaye Shani, anayerejea kijijini kwao kutoka mjini. Kijiji kimechoka kwa ukame. Mtoto anazaliwa kwa shida, Ororo anasaidia kwa mikono mitupu, na anagundua kwamba wazee wa pale huondoka duniani kwa hiari ili ardhi iliyodhoofika iweze kuwabeba wanaozaliwa.

Naona mambo mawili katika hadithi hiyo. Mwafrika aliyepewa sehemu kubwa ya mazungumzo ana jina la Kiswahili, na jina zuri: shani, jambo la nadra na la ajabu. Pia, kwa mara ya kwanza Ororo anasikiliza. Hana cha kuwafanyia watu isipokuwa kuwepo, kuuliza na kujibiwa. Sitaificha kasoro yake: desturi ya wazee kujitoa uhai imebuniwa Marekani na inanuka ile dhana kwamba njaa ya Afrika ni hesabu ya vinywa. Ethiopia ilikuwa katika njaa wakati huo, na wachora katuni waliona picha zilezile za televisheni walizoziona wengine. Katika Basotu malisho hayakupungua kwa sababu watoto walizaliwa wengi. Yalipungua kwa jembe la trekta. Hata hivyo, kati ya 1975 na 1985 mleta mvua alishuka ardhini akawa mwitikiaji, na hilo si jambo dogo kwa karatasi iliyouzwa kwa senti.

Miaka ya tisini naipita haraka. Ororo akawa mhusika wa katuni za televisheni mwaka 1992, akahutubia mawingu kwa sauti ya jukwaani, na mwaka 2000 akaingia sinema akiigizwa na Halle Berry. Nyika ilikuwa mbali.

Ningependa kusimama kidogo kwenye jina lake la kazi. Cockrum, kabla ya kumchora Ororo, alikuwa na wahusika wawili aliowabuni kando: mwanamke aitwaye Black Cat, na mwanamume mwenye nguvu za hali ya hewa aitwaye Typhoon. Aliwachanganya. Jina la yule wa pili lilitupwa, na ndilo lililokuwa karibu nasi: wanaisimu hulihusisha neno hilo na tufani, tuliyoipokea kutoka Kiarabu. Kwa hiyo anayetaka kumpa Storm jina la Kiswahili asihangaike sana. Dhoruba ni kali mno, gharika ni maangamizi. Tufani ni jina alilokaribia kuzaliwa nalo. Tufani Mwororo, ukipenda, na hapo mshairi ana kinaya tayari mkononi.

Na kama kuna anayedhani kwamba shujaa wa namna hii ni mgeni katika lugha yetu, amkumbuke Fumo Liyongo, ambaye mwili wake haukuingia silaha isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na ambaye Muhamadi Kijumwa alimwandikia utendi mwaka 1913. Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na watu wakaogopa kwenda kuteka maji. Hata huyo, mwishoni, habari yake ni ya maji na ya watu waliokosa.

Katika karne hii Ororo alirudishwa kwa Waafrika, walau kwa ndoa. Mwaka 2006 mwandishi Eric Jerome Dickey alisimulia upya mapenzi yake ya ujana na T'Challa, mfalme wa Wakanda, na mwaka huohuo wakaoana. 2012 ndoa ikavunjwa. Wakanda ni nchi isiyo na ukame, hivyo hakuwa na kazi. Mwaka 2014 Greg Pak alimwandikia mfululizo wa matoleo 11. Mwaka 2021 wakamfanya mtawala huko Mirihi, na nikacheka peke yangu, maana hata huko alikuta wenyeji.

Mwaka 2024 mfululizo mpya wa Storm ulikabidhiwa Murewa Ayodele, mwandishi wa Nigeria, na mchoraji Lucas Werneck. Kwa Kiyoruba, òróró ni mafuta ya kupikia. Miaka 49 tangu apewe jina, huenda aliangukia mikononi mwa mtu ambaye, kama mimi, alilisikia kwanza jikoni au shairini kabla ya kulisoma katika katuni.

Niliyasoma matoleo hayo baada ya Hanang. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa iliuporomosha upande wa mlima, tope na mawe na magogo yakashuka Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Tangu hapo siwezi kuutazama ukurasa ule wa 1975 kwa macho ya zamani, mvua ikishuka na watu wakishangilia bila yeyote kusema kiasi gani. Huku mvua huombwa kwa kipimo. Anayeomba hutaja mvua ya kustawisha, na waitikiaji huikubali hiyo, wala hawakubali nyingine.

Nimeanza kuifasiri Lifedeath ya pili kwa ajili yangu mwenyewe. Shani nimemwacha Shani. Ororo nimemwacha Ororo, na msomaji asikie ulaini wake. Pale anapomtaja mungu wake nimeandika Looaa, bila maelezo. Sehemu moja bado imenishinda: kijijini, mtoto anapovuta pumzi ya kwanza, wanakijiji wanasimama kimya. Nimejaribu kuuacha ukimya huo kama ulivyo. Kila nikiusoma kwa sauti, nasikia mahali ambapo wangeitikia.