Dawa na Msaidizi Wake: Historia ya Tiba ya Ugonjwa wa Kutetemeka

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Ninyi mlioketi darasani Matongo, upande wa Tarime, na ninyi mlio ng'ambo ya mto Mara, upande wa Serengeti, karibuni katika somo letu. Mwalimu wa darasa na aweke chaki tayari, maana leo tutaandika miaka kadhaa ubaoni.

Somo hili ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya dawa. Tutaona jinsi wataalamu walivyotafuta dawa ya ugonjwa wa kutetemeka, jinsi walivyoipata, na kwa nini baadaye dawa hiyo ilihitaji kutafutiwa wasaidizi. Tukiisha kuyajua hayo, tutaelewa kwa nini mgonjwa aliyepewa dawa ya nyongeza hana budi kuitumia kwa uangalifu.

UGONJWA WENYEWE

Mwaka 1817 daktari mmoja wa London, jina lake James Parkinson, alichapisha kitabu kidogo. Ndani yake alieleza habari za watu sita. Baadhi yao hakuwatibu kamwe. Aliwaona njiani tu. Mikono yao ilitetemeka hata walipokuwa wametulia. Migongo yao iliinama, na hatua zao zilikuwa fupi fupi. Baadaye ugonjwa huo uliitwa kwa jina lake, ugonjwa wa Parkinson.

Dalili zake nyingine ni mwili kukakamaa, mwendo kuwa wa polepole, na uso kukosa kuonyesha furaha wala huzuni. Iko dalili moja ambayo ninyi wanafunzi mnaweza kuiona upesi: mwandiko wa mgonjwa huzidi kuwa mdogo. Anaanza mstari kwa herufi kubwa, akifika mwisho herufi zimekuwa kama chembe za ulezi.

Asili yake ni nini? Ndani ya ubongo ziko chembe hai zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Kazi ya dopamini ni kama kazi ya tarishi: huchukua habari za mwendo na kuzipeleka zinakotakiwa. Chembe hizo zikifa, tarishi hupungua. Mtu anataka kuinua mguu, lakini barua inachelewa kufika. Kwa hiyo si uvivu, wala si kurogwa.

Tena si kila kutetemeka ni Parkinson. Hapa Matongo, jirani na mgodi wa North Mara, wako watu wanaochimba dhahabu kwa mikono na kuikamata kwa zebaki. Zebaki ikichomwa hutoa mvuke, na mtu akiuvuta kwa muda mrefu ubongo wake hudhurika na mikono hutetemeka. Huyo tiba yake ni nyingine, na jambo la kwanza ni kumwondoa penye mvuke. Basi kazi ya kutambua ugonjwa ni ya daktari. Asipewe mtu dawa ya jirani kwa sababu tu wote wawili wanatetemeka.

MAHARAGE NA SUNGURA

Mwaka 1913 mtaalamu wa Uswisi, Marcus Guggenheim, alitoa kitu katika maharage mapana, yale yanayoliwa sana Misri. Kitu hicho leo twakiita levodopa. Alitaka kujua kazi yake, akameza gramu 2.5 kwa mara moja. Alitapika vibaya sana. Ikadhaniwa kuwa kitu hicho hakina faida, kikawekwa kando miaka mingi.

Mwaka 1957 Arvid Carlsson, wa nchi ya Sweden, aliwapa sungura dawa iliyomaliza dopamini mwilini mwao. Sungura walilala chini, masikio yameanguka, hawawezi kwenda. Kisha akawapa dopa. Baada ya muda mfupi sungura wakainuka. Kwa kazi yake juu ya dopamini, Carlsson alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz, mjini Vienna, alichunguza ubongo wa watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson, akaona dopamini imepungua mno. Mwaka 1961 yeye na daktari Walther Birkmayer waliwachoma wagonjwa sindano za levodopa. Watu waliokuwa hawawezi kuinuka kitandani waliinuka wakatembea. Lakini nafuu hiyo ilidumu muda mfupi tu.

Aliyepata njia ya kuwatibu watu siku hadi siku ni George Cotzias, huko Marekani, mwaka 1967. Alifanya nini? Alianza kwa kipimo kidogo, akakiongeza polepole, akimtazama kila mgonjwa. Guggenheim alikuwa amemeza nyingi kwa mara moja akatapika. Cotzias alikwenda hatua kwa hatua akafaulu. Haba na haba hujaza kibaba. Kanuni hiyo ya kuanza kidogo haijabadilika mpaka leo.

WASAIDIZI WANAZALIWA

Levodopa ilikuwa na kasoro. Sehemu kubwa ilibadilika kuwa dopamini kabla ya kufika kwenye ubongo, nayo ikaleta kichefuchefu. Mgonjwa alihitaji kumeza nyingi ili kidogo tu kifike. Basi wataalamu wakatafuta msaidizi wa kwanza, karbidopa. Kazi yake ni kuilinda levodopa njiani. Kwa msaada wake kipimo cha levodopa kilipungua sana, na kutapika kukapungua. Katika miaka ya 1970 dawa hizo mbili zilitiwa katika kidonge kimoja, na mpaka sasa kidonge hicho kimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Lakini miaka ilipopita ilionekana kasoro ya pili. Baada ya miaka kadhaa ya kutumia dawa, nguvu ya kila kidonge huisha kabla ya saa ya kidonge kinachofuata. Mgonjwa anatembea vizuri asubuhi, kisha anakakamaa kabla ya chakula cha mchana. Wengine mwili hujinyonganyonga bila wao kutaka. Hapo ndipo dawa za nyongeza zilipotakiwa.

Amantadini ilikuwa dawa ya mafua makali. Mwaka 1968 mwanamke mmoja huko Marekani aliyekuwa na Parkinson aliitumia kwa ajili ya mafua, akaona kutetemeka na kukakamaa kumepungua. Alipoiacha, hali yake ikarudi. Daktari wake akafuatilia jambo hilo, na dawa ya mafua ikawa dawa ya Parkinson.

Mwaka 1974 ikaja bromokriptini, inayoiga kazi ya dopamini. Baadaye wakaja ndugu zake, kama pramipeksoli. Selejilini huzuia dopamini isivunjwe upesi ndani ya ubongo. Entakaponi, iliyoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1990, huifanya levodopa idumu zaidi mwilini.

Si kila msaidizi alikuwa mwema. Tolkaponi ilifanya kazi kama entakaponi, lakini mwaka 1998 ilijulikana kuwa wagonjwa watatu wamekufa kwa kuharibika ini. Ikaondolewa sokoni Ulaya. Mwaka 2004 iliruhusiwa tena, kwa sharti kwamba anayeitumia apimwe ini mara kwa mara. Hapo historia yatufundisha: dawa ya nyongeza huongeza nguvu, na huweza kuongeza hatari pia.

WAGONJWA WETU WENYEWE

Labda mwanafunzi mmoja atasema, "Hayo ni mambo ya Ulaya." Sivyo. Mwaka 2005 na 2006, katika wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, wahesabuji walikwenda nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za kutetemeka na mwendo wa polepole. Kazi hiyo ilifanywa na wataalamu wa Tanzania pamoja na madaktari wa Uingereza, akiwamo Catherine Dotchin na Richard Walker. Kati ya watu 161,071 walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson, wanaume 23 na wanawake 10. Wengi wao hawakuwa wameambiwa kamwe jina la ugonjwa wao, wala kupewa dawa yake. Walikaa nyumbani tu, wakizidi kukakamaa, na dawa ilikuwa imekwisha kujulikana tangu 1967.

KUTUMIA DAWA YA NYONGEZA KWA SALAMA

Sasa tuyatie mafunzo ya historia katika kazi. Ikiwa baba au mama nyumbani anatumia levodopa, na daktari amemwongezea dawa ya pili, yashikeni haya.

Kwanza, msaidizi hafanyi kazi peke yake. Entakaponi humezwa pamoja na kila kidonge cha levodopa. Ikimezwa bila levodopa, haifai kitu. Dawa hiyo huweza kugeuza mkojo kuwa mwekundu kama maji ya kutu. Hilo halina madhara. Mgonjwa asiogope akaitupa. Lakini akiharisha sana, aende hospitali.

Pili, msaidizi akiingia, mkuu huenda akapunguzwa. Mwili ukianza kujinyonganyonga kupita kiasi baada ya dawa mpya, huenda nguvu imezidi. Mrudieni daktari apime upya. Msijipimie wenyewe.

Tatu, dawa hizi zisiachwe ghafla. Mtu akiacha kwa siku moja huweza kupata homa kali, kukakamaa na kuchanganyikiwa, na hali hiyo huweza kuua. Basi nendeni kuchukua dawa nyingine kabla ya zile za nyumbani kwisha. Zahanati yenu huenda isiwe nazo, hivyo hesabuni siku za safari ya kwenda Tarime, Musoma, au Bugando kule Mwanza.

Nne, kila anayemtibu mgonjwa aambiwe dawa zote anazotumia. Ziko dawa zinazopinga dopamini: metoklopramidi, inayotolewa kwa kutapika, na haloperidoli na klopromazini, zinazotolewa kwa ugonjwa wa akili. Hizi humzidishia mgonjwa kukakamaa. Anayetumia selejilini asipewe pethidini wala tramadoli kwa maumivu, na dawa za huzuni kali asianze bila daktari kujua. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma visimezwe saa moja na levodopa, maana huipunguzia nguvu.

Tano, dawa za miti nazo ni dawa. Mbegu za upupu zina levodopa ya kweli ndani yake. Mtu akila unga wa upupu juu ya vidonge vyake, amejiongezea kipimo asichokijua. Yaliyompata Guggenheim yaweza kumpata yeye pia.

Sita, chakula. Nyama, maziwa, samaki na maharage hushindana na levodopa kuingia mwilini. Si kwamba mgonjwa asivile, la. Mwili wake wavihitaji. Ila dawa imezwe nusu saa kabla ya chakula, au saa moja baada yake. Kama kichefuchefu kinamsumbua, anaweza kula kidogo uji mtupu au kipande cha kiazi pamoja na dawa.

Saba, mtazameni mgonjwa. Dawa hizi huweza kumwangusha anaposimama ghafla. Basi akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Huweza kumfanya aone watu wasiokuwapo. Dawa inayojulikana kwa jina la Artane, ambayo ni ya zamani, huwachanganya wazee akili na kuwafunga mkojo. Bromokriptini na ndugu zake huleta usingizi wa ghafla, hivyo asiendeshe pikipiki. Tena humtia mtu tamaa asiyoweza kuizuia. Mzee aliyekuwa mwangalifu wa ng'ombe wake miaka yote anaanza kuwauza ovyo kwa ajili ya kamari, au kufuata wanawake. Ukoo unakutana kumhukumu. Ndugu zangu, kabla ya kumhukumu, ulizeni ameanza dawa gani karibuni. Huenda kosa ni la dawa, na daktari akiibadilisha mzee atarudi kuwa yule mliyemjua.

KALAMU NI DAWA PIA

Ninyi mliojifunza kusoma mna kazi nyumbani. Chukueni karatasi, mpige mistari mipate safu tatu. Safu ya kwanza andikeni saa, ya pili jina la dawa, ya tatu idadi ya vidonge. Kila dozi ikimezwa, tieni alama. Mkienda hospitali, ichukueni karatasi hiyo pamoja na maboksi ya dawa.

Jihadharini na hesabu ya saa. Mahali pengine huandikwa kwa hesabu ya Kizungu: 8:00 ya asubuhi maana yake ni saa 2 asubuhi, si saa 8 mchana. Mgonjwa akikosea hapo, atakakamaa asubuhi nzima akingoja dawa. Mwulizeni mwenye kuandika, "Ni saa ngapi kwa Kiswahili?" Kuuliza si ujinga.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Guggenheim alitapika, na Cotzias alifaulu kwa njia gani?
2. Karbidopa huisaidia levodopa kwa namna gani?
3. Mgonjwa wa Parkinson ametapika, na anataka kupewa dawa ya kuzuia kutapika. Mtamwambia nini mhudumu wa zahanati?
4. Je, katika kijiji chenu yuko mtu anayetetemeka ambaye hajapata kuonwa na daktari? Nani atamsindikiza?

Swali la nne lisiishie darasani. Kwaherini mpaka somo lijalo.