Bibi, Mtoto na Wavu wa Waya: Kumlinda Kuku Roma, Pennsylvania na Uani Kwetu

Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Columella, mwandishi wa kilimo aliyezaliwa Gades, kusini mwa Hispania, aliandika vitabu 12 vya kilimo na kukitenga cha nane kwa ajili ya ndege na samaki wa kufugwa. Anataka banda la kuku lijengwe jirani na tanuri au jiko ili moshi uwafikie, kwa kuwa anaamini moshi una manufaa makubwa kwa kuku. Kuta zipigwe lipu ndani na nje, paka na nyoka wasipate pa kupandia wala pa kupenyea. Msomaji aliyekulia Sengerema, Kitui au Masasi hataona jambo geni hapo. Jikoni kwa bibi yake kuku walilala pembeni ya mafiga, chini ya dari iliyojaa masizi, na asubuhi kazi ya kwanza ilikuwa kufagia kinyesi chao.

Hata hivyo, mazoea haya mawili hayana asili moja. Columella alikuwa akiwashauri wenye mashamba makubwa, watu waliomiliki watumwa na kuuza kuku na mayai sokoni. Banda lake lina vyumba vitatu, cha katikati kikiwa na moto unaopeleka moshi pande zote mbili. Bibi wa Sengerema ana kuku wanane au kumi na chumba kimoja. Anawalaza jikoni kwa sababu ya kicheche, kwa sababu ya kanu, na kwa sababu ya mwizi wa miguu miwili, ambaye hafukuzwi na moshi wala lipu. Moshi unawafikia kuku wake vilevile, na wafugaji wengi husema unapunguza utitiri, lakini hakuna aliyelijenga jiko kwa ajili hiyo.

Kuna sentensi moja ya Columella ambayo kwangu ina uzito kuliko vipimo vyake vyote. Anasema kuku 200 wanamtosha mchungaji mmoja, mradi awepo pia bibi mwenye bidii au mtoto wa kuwaangalia wale wanaozurura, wasinyakuliwe na watu au wanyama waviziao. Kumbe hata kwenye shamba la tajiri wa Kirumi, lenye kuta za lipu na madirisha ya kimia, ulinzi wa mchana ulitegemea jicho la mtu, na mtu huyo alichaguliwa miongoni mwa wale ambao muda wao ulihesabiwa kuwa rahisi kuliko wa wengine. Tukianzia hapo, tofauti kati ya mila na mila inaonekana wazi zaidi: kila jamii imelazimika kuamua kazi hii ya kuangalia imbebeshe nani au nini.

Kwetu mzigo huo umebebwa na watoto, akina mama na kuku mwenyewe. Mwewe anapozunguka juu ya ua, mama kuku huinamisha kichwa upande, jicho moja likitazama mbinguni, kisha hutoa mlio mrefu mwembamba. Vifaranga hutawanyika kwenye mihogo au huganda pale walipo. Akija nguchiro kwenye majani, mlio hubadilika, ukawa wa kukatakata na wa makelele. Watafiti wa tabia za ndege wamethibitisha kwamba kuku wana mlio wa adui wa angani na mwingine wa adui wa ardhini. Mtoto wa kijijini hujua hivyo bila kufundishwa, na huutambua mlio wa mwewe akiwa ndani, akatoka mbio akipiga debe. Wengine humfunga mama kuku mguu kwa kamba ili vifaranga wasiende mbali. Wengine huwapaka vifaranga rangi ya zambarau au ya waridi, wakisema mwewe hawatambui tena. Wengine huwafunika kwa tenga. Siafu ndio mtihani mkubwa wa usiku, maana humkuta kuku akiwa amelalia mayai na hakubali kuyaacha. Hapo majivu hutandazwa kuzunguka kiota, na mtu huamka kuyaangalia.

Mgeni akiona vifaranga 12 wakibaki wanne, huona uzembe. Mimi naona hesabu. Kuku wa kienyeji hujitafutia chakula, hulalia mayai yake mwenyewe, na kifaranga aliyeliwa hakumgharimu mfugaji fedha taslimu. Ugonjwa wa kideri ukiingia unaweza kufagia banda zima kwa siku chache, na wavu hauzuii kideri. Mwenye fedha kidogo akiamua kununua kwanza chanjo ya matone ya jicho kabla ya misumari na waya, ameamua vizuri.

Ulaya na Marekani zilichukua njia nyingine: zilimpa chuma kazi ya yule bibi. Mwaka 1844 Charles Barnard wa Norwich, Uingereza, alitengeneza mashine ya kusuka wavu wa waya kwa kuiga mtambo wa kufumia nguo, na kutoka huko ukaja wavu wa matundu ya pembe sita unaouzwa leo Kariakoo na Gikomba. Wavu ule humzuia kuku asitoke vizuri kuliko unavyomzuia adui asiingie. Marekani, mnyama aitwaye rakuni huingiza mkono kwenye tundu na kumvuta kuku. Mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche hupita kwenye uwazi ambao kidole gumba kingeuziba. Ndiyo maana wafugaji wa mijini kule hutumia waya mgumu wa matundu ya nusu inchi, huufukia ardhini kuzunguka banda, na hufunga mlango kwa komeo ambalo rakuni hawezi kulifungua.

Lakini kabla ya kuelekeza nguvu zote kwenye waya, Wamarekani walijaribu kuua. Jimbo la Pennsylvania lilitunga sheria mwaka 1885 ya kulipa senti 50 kwa kila mwewe au bundi aliyeuawa. Mtaalamu wa wanyama C. Hart Merriam wa Idara ya Kilimo alipiga hesabu ya mwaka mmoja na nusu: jimbo lilitumia dola 90,000 kuokoa kuku wenye thamani ya dola 1,875. Na kwa kuwaua ndege hao liliwaachia panya mashamba, kwa hasara kubwa zaidi. Sheria ilifutwa mwaka 1887, ila chuki haikufutika nayo. Mwaka 1929 jimbo lilianza kutoa dola tano kwa kichwa cha aina moja ya kipanga, na mwaka 1934 mtetezi wa ndege Rosalie Edge alilazimika kuukodi mlima ambao wawindaji walikuwa wakiwapiga risasi maelfu ya mwewe wanaohama, akaugeuza hifadhi. Mwaka 1972, baada ya makubaliano na Mexico, ndege hao waliingizwa kwenye ulinzi wa sheria ya mwaka 1918 ya ndege wanaohama. Tangu hapo mwewe akichukua kuku wa mtu huko Ohio au Texas, mwenye kuku hana ruhusa ya kumgusa bila kibali. Abaki na waya wake.

Kuna jambo linalowaunganisha wafugaji wa nchi zote hizi, nalo ni hasira ya asubuhi. Mbweha wa Uingereza akiingia bandani huua kuku wote na kuondoka na mmoja. Kicheche wa Iringa hufanya vivyo hivyo. Kote watu husema ni mnyama mwovu. Hans Kruuk, mtafiti aliyewachunguza mbweha Ravenglass, kaskazini mwa Uingereza, na fisi Serengeti, aliandika mwaka 1972 kuhusu tabia hii. Kule Uingereza, katika usiku wenye giza nene, mbweha waliua shakwe wengi walioganda chini bila kuruka. Serengeti, usiku mmoja wa mvua na giza, fisi waliua swala tomi zaidi ya 80 na kula sehemu ndogo tu. Uovu haumo. Mnyama mwindaji huendelea kuua maadamu mbele yake kuna windo lisilokimbia.

Somo hilo linalibana banda lenyewe. Kuku wa porini wa Asia ya Kusini-Mashariki, ambaye ndiye asili ya kuku wetu, hulala juu ya mti. Akishtuliwa huruka, na mmoja akiliwa wengine hupona. Banda humnyima kuku nafasi ya kuruka. Likiwa imara, linashinda mti. Likiwa na tundu moja, ni hatari kuliko mti. Kwa hiyo anayejenga banda nusunusu, mabanzi yaliyoachana na mlango wa kuegesha, amemkusanyia kicheche kuku wote mahali pamoja, na jiko la bibi lilikuwa salama kuliko banda hilo.

Nasema haya kwa sababu mlinzi wetu wa zamani hayupo tena uani. Tanzania ilifuta ada ya shule ya msingi mwaka 2001, Kenya mwaka 2003, na ni jambo jema kabisa kwamba saa nne asubuhi, mwewe anapoanza kuzunguka, mtoto yuko darasani. Pengo lake wengine wanaliziba kwa kupaka dawa ya wadudu kwenye mzoga wa kuku na kuutega. Sumu hiyo haichagui: inamuua kicheche, kisha tai anayemla kicheche, kisha mbwa wa jirani. Pennsylvania ililipa gharama ya kuua kwa fedha na kwa panya, na sisi hatuna haja ya kurudia hesabu ile ile.

Wafunike vifaranga kwa tenga zito mchana katika wiki nne za mwanzo, uwape maji na pumba humo humo, na mama yao umwache atembee na kurudi. Ukijenga banda, kagua kila tundu kwa kidole gumba: kidole kikipita, liziba. Na kama fedha ya waya mgumu haijapatikana, endelea kuwalaza jikoni bila aibu.