Mifarakano ya kifamilia na kuporomoka kwa akili katika tamthilia ya Marekani

Katika tamthilia ya Marekani ya karne ya 20, wazimu ni nadra kumjia mhusika akiwa peke yake. Aghalabu huzuka nyumbani, baina ya ndugu au mke na mume, pale mmoja anapomnyang'anya mwenzake uongo aliouegemea ili aweze kuishi.

Mfano ulio wazi zaidi ni A Streetcar Named Desire ya Tennessee Williams, iliyoanza kuonyeshwa Broadway, New York, mwezi Desemba 1947 chini ya uongozaji wa Elia Kazan, ikatunukiwa Tuzo ya Pulitzer mwaka 1948. Blanche DuBois, mwalimu aliyepoteza shamba la ukoo na kazi yake, anahamia New Orleans kwa mdogo wake Stella, katika nyumba ya vyumba viwili vilivyotengwa kwa pazia tu, ambamo shemeji yake Stanley Kowalski anaanza kuyachimbua maisha yake ya nyuma. Blanche huifunika balbu kwa karatasi ya rangi ili umri wake usionekane, na mchumba wake Mitch ndiye anayekuja kuichana; tena husikia muziki wa polka, dansi aliyocheza usiku mumewe alipojiua, na muziki huo haukatiki kichwani mwake mpaka mlio wa bastola usikike. Hadhira husikia pamoja naye, ilhali wahusika wengine hawasikii kitu. Stanley anambaka Blanche usiku ambao Stella amelazwa kujifungua. Ni rahisi kumtwika Stanley lawama yote, lakini pigo la mwisho hutoka kwa Stella, anayekataa kumsadiki dada yake ili ndoa isivunjike, na kumwacha achukuliwe hospitali ya wagonjwa wa akili. Suala hili halikuwa geni kwa Williams mwenyewe: dada yake, Rose, alifanyiwa lobotomia mwaka 1943, yaani upasuaji wa kukata baadhi ya nyuzi za fahamu za sehemu ya mbele ya ubongo.

Eugene O'Neill, katika Long Day's Journey into Night, iliyochezwa kwanza Stockholm mwaka 1956 baada ya kifo chake, naye alimwonyesha mama aliyetekwa na mofini, dawa kali ya maumivu, huku mume na wanawe wakilaumiana.

Edward Albee aliugeuza mtindo huu wa mmoja kumnyang'anya mwenzake uongo wake katika Who's Afraid of Virginia Woolf? ya mwaka 1962: uongo, yaani mtoto wa kubuni, ni wa wanandoa Martha na George kwa pamoja, na George anapomtangaza kuwa amekufa, Albee haelezi iwapo ndoa yao imepona au imebaki tupu.