Ukaushaji wa nguo

Ukaushaji wa nguo ni kazi ya kuondoa maji yaliyobaki katika nguo baada ya kufuliwa. Katika Afrika ya Mashariki njia ya kawaida ni kuanika: nguo hutandazwa juani au mahali penye upepo, na zikikauka huanuliwa. Njia nyingine ni mashine ya kukaushia nguo, yaani pipa linalozunguka huku hewa ya moto ikipita ndani yake. Mashine hiyo imeenea nchini Marekani, Kanada na sehemu za Ulaya, lakini katika nyumba za Tanzania ni chache.

Njia inayofaa hutegemea hali ya hewa, bei ya umeme, nafasi iliyopo na aina ya nguo. Makala hii inalinganisha njia hizo kwa kuangalia hasa uwanda wa kati wa Tanzania, ikiwemo Buigiri, kata ya Wilaya ya Chamwino katika Mkoa wa Dodoma, kando ya barabara kuu ya Dodoma-Morogoro.

Jinsi nguo inavyokauka

Maji huondoka katika nguo kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza ni kukamua, kwa mikono au kwa mashine ya kufulia inayozungusha nguo kwa kasi. Nguo ya pamba iliyokamuliwa kwa mikono huweza kubaki na maji yanayokaribia uzito wake ikiwa kavu. Mashine inayozunguka mara 1,000 kwa dakika hupunguza maji hayo hadi takriban asilimia 60 ya uzito huo.

Hatua ya pili ni maji kugeuka mvuke. Ili kilo 1 ya maji igeuke mvuke inahitajika nishati ya takriban megajuli 2.4, sawa na uniti 0.67 za umeme. Nguo ikianikwa, nishati hiyo hutoka katika jua na hewa bila malipo. Ikikaushwa kwa mashine, mwenye nyumba huinunua. Kwa sababu hiyo kukamua vizuri husaidia katika njia zote, kwani huondoa maji kwa nishati kidogo sana kuliko joto.

Kasi ya kukauka hutegemea mambo manne: joto, ukavu wa hewa, upepo na upana wa eneo la nguo lililo wazi kwa hewa. Nguo iliyokunjwa juu ya kamba mara mbili hukauka polepole kwa kuwa hewa haipiti katikati. Upepo huondoa hewa yenye unyevu iliyozunguka nguo, ndiyo maana nguo hukauka hata kivulini.

Hali ya uwanda wa kati

Jiji la Dodoma liko kwenye kimo cha takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka ni takriban milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni mikavu, yenye jua na upepo. Kwa hiyo nguo nyepesi iliyoanikwa asubuhi mwezi wa Septemba huweza kuwa tayari kabla ya saa sita mchana. Katika pwani, kwa mfano Dar es Salaam na Zanzibar, joto ni kubwa lakini hewa ina unyevu mwingi. Katika nyanda za juu kama Njombe na Makete, baridi na ukungu wa Juni na Julai huweza kuchelewesha nguo nzito kwa siku kadhaa.

Shida kubwa ya Dodoma wakati wa kiangazi ni kuzilinda nguo zisichafuke kabla ya kuanuliwa. Mashamba yakishavunwa ardhi hubaki wazi, na upepo hupeperusha vumbi jekundu. Magari yanayopita barabara za udongo huongeza vumbi hilo. Maji katika eneo hili ni machache, na vijiji vingi hutegemea visima. Nguo iliyochafuka kwenye kamba hudai kufuliwa tena, yaani ndoo nyingine za maji zinazobebwa au kununuliwa.

Kwa hiyo nguo hufaa kuanikwa mbali na barabara, upande wa nyumba uliokingwa na upepo mkali, na kuanuliwa mara zinapokauka. Kamba huwekwa juu kiasi cha kutofikiwa na mbuzi, ambao hutafuna nguo zinazoning'inia. Kamba ya manila haiachi alama, lakini waya wa chuma na mabati huacha madoa ya kutu. Nguo zikitandazwa kwenye uzio wa miiba huweza kuchanika. Vibanio huzuia nguo zisiangushwe na upepo.

Jua na uimara wa nguo

Mionzi ya jua husaidia kuua vijidudu na kupunguza madoa katika nguo nyeupe. Mionzi hiyohiyo hufifisha rangi na, baada ya muda mrefu, hudhoofisha nyuzi. Nguo za rangi, zikiwemo sare za shule, kanga na vitenge, hudumu zaidi zikigeuzwa ndani nje au zikianikwa kivulini penye upepo.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya kutosha dhidi ya jua na hupata saratani ya ngozi kwa urahisi. Buigiri ina shule ya msingi ya wasioona ambayo husomesha pia watoto wenye ualbino. Kwa watoto hao nguo za mikono mirefu ni kinga, lakini kitambaa chembamba, kilichochakaa au kilicholowa hupitisha mionzi zaidi. Hivyo nguo zao zinapaswa kukauka kabisa kabla ya kuvaliwa, na zisiachwe juani kutwa nzima zikachakaa. Kazi yenyewe ya kuanika na kuanua inafaa ifanywe asubuhi mapema au jioni, si mchana wa jua kali.

Kwa asiyeona, kamba iliyofungwa kukatisha njia huweza kumjeruhi usoni au shingoni. Kamba inafaa iwe mahali pamoja pasipobadilika, pembeni mwa njia.

Mashine ya kukaushia nguo

Mwanzoni mwa karne ya 19 huko Ufaransa kulikuwa na pipa la chuma lenye matundu, lililozungushwa kwa mkono juu ya moto. Mwaka 1892 George T. Sampson, Mmarekani Mweusi, alipata hataza ya kifaa cha kukaushia nguo kwa joto la jiko. Mashine za umeme zilianza kuuzwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuenea baada ya Vita Kuu ya Pili.

Kuna aina tatu kuu:
* Mashine inayotoa mvuke nje ya nyumba kwa bomba.
* Mashine inayopoza mvuke ukawa maji na kuyakusanya katika chombo.
* Mashine ya pampu ya joto, inayotumia tena joto lilelile. Bei yake ni kubwa zaidi lakini hula umeme kidogo.

Aina mbili za kwanza hutumia takriban uniti 3 hadi 4 kwa mzigo mkubwa wa nguo, na ya tatu uniti 1 hadi 2. Kuanzia Julai 2025 kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka mashine mpya zifikie kiwango cha pampu ya joto.

Nchini Tanzania, kwa bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi. Familia ikikausha mizigo 3 kwa wiki, kila mmoja kwa uniti 3, itatumia takriban uniti 36 kwa mwezi. Hiyo ni karibu nusu ya uniti 75, na taa, redio, pasi na friji huweza kusukumwa kwenye bei ya juu. Mifumo midogo ya umeme wa jua ya nyumbani haiwezi kuendesha mashine hii, kwa kuwa huhitaji takriban wati 2,000 au zaidi ikiwa ya joto la kawaida.

Mashine ina faida pale ambapo nguo nyingi zinahitajika kwa muda maalumu, kama hospitalini na hotelini, katika ghorofa zisizo na uwanja, au katika wiki za mvua mfululizo. Hasara zake ni gharama, kusugua nguo hadi zichakae, na hatari ya moto. Manyoya ya nguo hujikusanya kwenye chujio na kushika moto kwa urahisi, hivyo chujio husafishwa kila baada ya matumizi.

Afya na usalama

Nguo zikikaushwa ndani ya chumba kisichopitisha hewa, unyevu hubaki ukutani na kuotesha ukungu, ambao hudhuru hasa wenye pumu. Wakati wa mvua ni bora kutumia baraza au chumba chenye madirisha wazi. Kukausha nguo kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ni hatari: mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoweza kuua, na nguo zinaweza kuwaka.

Katika sehemu nyingi za Afrika ya kitropiki kuna nzi Cordylobia anthropophaga, anayetaga mayai kwenye udongo au kwenye nguo zenye unyevu, hasa zilizo kivulini. Mabuu yake huingia katika ngozi ya binadamu na kusababisha majipu. Kinga ni kutoanika nguo chini, na kuzipiga pasi ya moto, pamoja na mishono na nguo za ndani. Pasi ya mkaa hufaa vilevile, na joto la mashine pia huua mayai hayo.

Vitambaa vya hedhi vinavyotumika tena huhitaji jua na hewa kama nguo nyingine. Wasichana wengi huvificha chini ya kitanda au godoro kwa aibu, na humo vitambaa hubaki na unyevu unaostawisha vijidudu. Shule za bweni na familia huweza kutenga kamba mahali pa faragha lakini penye jua. Pasipowezekana, kitambaa chepesi kikavu hutandazwa juu yake kama kificho.

Tazama pia
* Dobi
* Mashine ya kufulia
* Pasi
* Ualbino
* Mkoa wa Dodoma