Rovu, Chumvi na Amri Kutoka Kichwani

Wadau, leo tuongee historia iliyomo ndani ya pakiti ya chumvi. Hapa Vwawa vijana tunasoma maneno "madini joto" na kupita zetu. Wazee wanajua yalikuja kupambana na nini: rovu.

Mvua za milimani zimeuosha udongo karne na karne, ayodini ikaenda na maji. Mahindi na maharage ya shambani hayana ya kutosha. Miaka ya 1980, sisi tukiwa bado Mkoa wa Mbeya (Songwe ilizaliwa 2016), makadirio ya kitaifa yalikuwa asilimia 25 ya Watanzania wana rovu, na nyanda za juu ziliumia zaidi.

Uvimbe uko shingoni, lakini amri inatoka kichwani. Ubongo hutuma ujumbe kwenye tezi ndogo ya pituitari iliyo chini yake. Pituitari nayo huiamuru tezi ya shingo itengeneze thairoksini, homoni inayopanga mwili uchome chakula kwa kasi gani na uwe na joto kiasi gani. Ikitosha, ubongo unapata taarifa na amri inapungua. Ayodini ikikosekana, homoni haitoshi, amri zinazidi, na tezi inavimba kwa kulazimishwa kazi bila malighafi. Kwa hiyo jina "madini joto" naliona limelenga penyewe.

Edward Kendall aliipata thairoksini safi mwaka 1914. Ujumbe ule wa ubongo ulitambuliwa 1969 tu, na Guillemin na Schally wakapewa Nobel 1977.

Kwetu, Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa 1973, ilishiriki kugawa vidonge vya mafuta yenye ayodini katika wilaya zilizoathirika sana. Miaka ya 1990 ikaja sheria ya kutia madini joto kwenye chumvi. Utafiti wa kitaifa wa 2004 ulikuta rovu limeshuka hadi asilimia 7 hivi.

Kilichookolewa si shingo tu. Mama mjamzito akikosa ayodini, ubongo wa mtoto tumboni unaweza kudumaa, na hilo halirekebishiki baadaye.

Ndiyo maana chumvi ya kupimwa isiyo na nembo inanitia wasiwasi. Bei yake ni ndogo, lakini huwezi kujua kama imetiwa kitu. Someni pakiti, na chumvi ifunikwe, isikae juani.

Mnasemaje wadau? Nawasilisha.