Bustani ya Kumbukumbu ya 7 Agosti

Hapa unaposimama ndipo ulipokuwa ubalozi wa Marekani. Asubuhi ya Ijumaa, 7 Agosti 1998, mshindo wa kwanza uliwavuta watu madirishani. Kisha lori lililosheheni vilipuzi likalipuka. Ndiyo maana wengi walionusurika walipofuka: vioo viliwapiga usoni. Jengo la Ufundi, hapa jirani, liliporomoka lote. Nairobi ilipoteza watu 213, karibu wote Wakenya. Dar es Salaam, iliyolipuliwa asubuhi hiyohiyo, 11.

Waokoaji wa kwanza hawakuwa na sare. Wapita njia walifukua kifusi kwa mikono mitupu, matatu na mabasi yakakimbiza majeruhi hospitalini, na watu wakapanga foleni kutoa damu. Damu haiulizwi kabila wala dini, na hilo halikuwa jambo dogo: mapema mwaka uleule, baada ya uchaguzi wa 1997, majirani walikuwa wameuana kule Bonde la Ufa.

Bustani ilifunguliwa 2001. Manusura wengi wangali wanadai fidia. Majina ya marehemu yako ukutani. Tafadhali yasome, wala usiuegemee ukuta.